Dakika Tatu za Bambo

Tajiri wetu alikuwa na hesabu yake, na hakuna kiwandani aliyeweza kuipangua. Msimu wa mavuno lori la mahindi linafika getini kila baada ya dakika 20, kwa wastani. Kwenye mizani linamaliza kwa dakika 18. Zinabaki mbili za kupumua. Sasa foleni inatoka wapi? Yeye aliona ni uvivu wetu tu, na kama si uvivu basi akope benki, anunue mizani ya pili.

Foleni ilikuwapo kweli. Magari ya Kibaigwa na Songea yalijipanga hadi barabara kuu, madereva wamelala chini ya matela, matingo wanasonga ugali kando ya mtaro, huku wenye magari wakipiga simu kudai fidia ya kucheleweshwa. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa mizani, kwa hiyo matusi yote yalianzia kwangu.

Wakati huo nilikuwa nasoma jioni pale Dar es Salaam, kozi ya hesabu za biashara, tukafika kwenye somo la uigaji wa kompyuta. Nilidhani tutawasha kompyuta. Mwalimu, mama mmoja mkali mwenye sauti ya chini, akatugawia dadu. Rusha moja upate muda wa gari kufika, rusha nyingine upate muda wa kuhudumiwa, andika, endelea. Haikuchukua muda karatasi yangu ikawa na foleni, na mle ndani hamkuwa na mvivu hata mmoja. Ndipo nikaona kilichokuwa kinatutesa: magari yakikawia, mizani inakaa bure, na muda ule haurudi tena. Yakija matatu kwa mpigo, mawili lazima yasubiri. Wastani hauonyeshi hayo.

Alitusimulia pia habari za Stanislaw Ulam, mwanahisabati aliyekuwa akijiuguza mwaka 1946 huku akicheza karata peke yake. Alitaka kujua uwezekano wa kushinda, hesabu ikawa ngumu, akawaza: kwa nini nisicheze mara nyingi tu nihesabu nilizoshinda? Wazo hilo yeye na John von Neumann wakalipeleka kwenye kompyuta za mwanzo, likaitwa Monte Carlo, kwa jina la mji wa kamari. Darasa lilicheka. Mimi nilikuwa nafikiria malori.

Nilianza kukaa na daftari mizanini, naandika saa ya kila gari kuingia na kutoka. Kisha nikafungua Excel. Safu ya kwanza nikaweka =-20*LN(RAND()), fomula inayobahatisha muda kati ya gari na gari kwa wastani wa dakika 20, kama ile dadu; ya pili, ya muda wa mizani, hivyo hivyo kwa 18, nikaburuta chini hadi malori 10,000. Wastani wa kusubiri ukawa unazungukia saa mbili na dakika arobaini. Nikabadilisha 18 kuwa 15, tatu tu nimepunguza, kusubiri kukashuka hadi kama dakika 45. Nilipoigiza mizani ya pili, kusubiri kukashuka hadi dakika tano hivi. Mwalimu alinionya kwamba fomula ile inazidisha mtawanyiko wa muda wa kuhudumia. Nilipotumia takwimu za daftari, foleni ilifupika, ila sura ya jambo haikubadilika: mizani inayokaribia kuelemewa, dakika chache zina thamani kubwa mno.

Tajiri nilimwandalia laha ya siku moja tu. Nikamwambia, "Mzee, bonyeza F9," kitufe kinachoifanya Excel ibahatishe namba upya. Akabonyeza, siku ikapita shwari. Akabonyeza tena, magari yakarundikana kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Akavua miwani, akasogea.

"Hii ndiyo Jumanne ile!"

"Siyo Jumanne ile, Mzee. Lakini inafanana nayo."

Alibonyeza hadi chai yake ikapoa. Nadhani kilichomkalia kooni ni kwamba siku nzuri na siku mbaya zilitoka kwenye fomula ile ile, wafanyakazi wale wale.

"Haya, hizo dakika tatu utazitoa wapi?"

Daftari lilikuwa na jibu. Kila gari lilipanda mizani kwanza, ndipo kijana wa maabara apande juu, apige bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, kwenye magunia, apime kama unyevu hauzidi asilimia 13.5, huku mizani imesimama inamngoja. Kazi ile ingeweza kufanyika getini, gari likiwa bado kwenye foleni.

Meza ya bambo ikahamishiwa getini, chini ya mwembe. Mkopo wa mizani hakuuchukua msimu ule. Foleni haikuisha, ila ilitoka barabara kuu, na simu za fidia zikapungua. Baadaye akaniita tena ofisini. Safari hii alitaka tuigize magari yanayopakia unga, maana huko, alisema, ndiko pesa yake inakovujia.