Nywele Chini ya Kioo

Bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, ilikuwa ndogo, upana wa kidole gumba: ukingo wa dhahabu wenye enameli nyeupe, yaani kioo cha rangi kilichoyeyushwa juu ya madini, na lulu ndogondogo, katikati kioo, na chini ya kioo kishungi cha nywele kilichokunjwa mfano wa unyoya. Nilikuwa mwanagenzi kwa sonara mmoja Birmingham, Uingereza. Nikaitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kama nilivyozoea kufanya kwa pete.

Dakika kumi zilitosha. Maji yalipenya ukingoni, gundi ya mti iliyoshika nywele ikalainika, na unyoya ukafumuka.

"Vito vya msiba, vyenye nywele za marehemu, havioshwi," fundi alisema, akaifungua bruchi kwa nyuma. Akailaza kifudifudi juu ya karatasi ya kunyonya maji, siku nne, mbali na jua. Kikaushio cha nywele alikikataza: joto hukunja nywele na huweza kupasua enameli. Kusafisha, alinionyesha, ni pamba iliyokamuliwa mpaka ikaribie kukauka, unapangusa kioo tu, bila kugusa ukingo.

Tulipokuwa tukisubiri alinieleza kazi ya zamani. Nywele zilichemshwa kwanza na magadi kama robo saa ili zitoke mafuta, maana zenye mafuta hazishiki gundi. Kisha zikapangwa kwa urefu, zikakunjwa kwa chuma cha moto na kufungwa kwa uzi mwembamba wa dhahabu. Enameli nyeusi ndiyo ya kawaida. Nyeupe mara nyingi ni ya mtoto au msichana ambaye hajaolewa, na lulu ni machozi. Hapo ndipo nilipoziangalia zile nywele vizuri. Laini mno, rangi ya majani makavu.

Bibi yangu alipokaa eda, miezi minne na siku kumi, alivua hata vipuli. Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walifanya kinyume, walivaa pambo la msiba. Malkia mwenyewe hakuacha nguo nyeusi tangu mumewe Albert alipofariki mwaka 1861 hadi alipokufa yeye, 1901.

Mwenye bruchi alipokuja, swali lake la kwanza lilikuwa kama nywele ni zilezile. Halikuwa swali la kipuuzi: tangu zamani wateja waliwashuku masonara kubadilisha nywele. Fundi alimwambia kosa lilivyotokea, kisha akampa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na nywele tatu zilizokatika.