Sifuri Mbili Nilizompa Mwalimu Mwenzangu

Nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, na asubuhi hiyo nilikwenda kumkagua mwanachuo asiyeona aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Nilikaa nyuma ya darasa nikiwa na fomu ya tathmini iliyotumika kwa wanachuo wote, na kwa sababu ilikuwa moja kwa wote sikuwahi kuitilia shaka.

Somo lilikuwa la ufahamu. Andalio lake lilikuwa katika karatasi nene ya nukta nundu, naye alilisoma kwa kidole cha shahada bila kukatiza mazungumzo yake na darasa. Aliwatambua wanafunzi kwa sauti, na kila aliyejibu alimwita kwa jina. Neno jipya lilipojitokeza, aliwaita wanafunzi wawili ubaoni: mmoja aliandike, mwenzake alisome herufi moja moja, kisha darasa zima liamue kama limeandikwa sawasawa. Mtoto mmoja aliruka herufi, wenzake wakabishana, na katika ubishi huo niliwaona wakiifuatilia tahajia kwa hamu ambayo mimi, pamoja na mwandiko wangu mzuri, sikuwa nimepata kuiamsha katika darasa lolote.

Hata hivyo kalamu yangu iliifuata fomu. Kipengele cha nne kilisema: "Mwalimu anaandika ubaoni kwa hati inayosomeka." Nikaandika sifuri. Cha saba kilisema: "Anawatazama wanafunzi wote." Nikaandika sifuri nyingine.

Kipindi kilipokwisha nilimsomea maoni yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwani ubaoni hapakuandikwa kitu?" Nilimjibu kwamba paliandikwa, tena vizuri. Akanyamaza, nami nikabaki nimeishika ile fomu nisijue la kuongeza.

Niliipeleka kwenye kikao cha wakufunzi. Mtafiti tuliyekuwa tukishirikiana naye alitutaka tupitie kila kipengele na kusema kinapima nini: kujifunza kwa mtoto, au mwili wa mwalimu. Mkufunzi mmoja wa siku nyingi alihofu kwamba viwango vingeshuka, na hofu yake naiheshimu hadi leo, kwa kuwa mtoto anastahili mwalimu mahiri. Mtafiti alimsomea ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inayozitaka nchi wanachama kuchukua hatua za kuajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama au nukta nundu, wakiwamo walimu wenye ulemavu. Akauliza walimu hao watapatikana wapi iwapo chuoni tunawaangusha kwa hati ya mkono.

Hadi jioni kipengele cha nne kilikuwa kinasomeka: "Ubao unatumika kuendeleza somo." Cha saba kilituchukua vikao viwili zaidi, mpaka tukakubaliana kwamba tulichokuwa tukikitafuta ni iwapo mwalimu anamtambua mwanafunzi aliyeachwa nyuma.

Alama za yule mwanachuo hazikubadilishwa, kwa kuwa zilikwisha kuwasilishwa na utaratibu haukuruhusu kuzirudia. Nilimwandikia barua ya kukiri kosa langu, nikamwomba mwenzangu anayejua nukta nundu aiandike upya, ili mwenye barua aisome kwa vidole vyake bila kumtafuta mtu wa kumsomea.