Winchester: hadidiski iliyopewa jina la bunduki

Juzi kati kuna meli ilikuwa imefunga Kilindini, baharia mmoja Mrusi akaja dukani kwetu huku nyuma ya Digo Road na laptopu kwapani, Kiingereza chenyewe cha kuokoteza, akaiweka mezani akasema winchester yake imekufa, anataka winchester mpya leo leo kabla meli haijang'oa nanga. Askari wa mlangoni akageuka shingo yote. Nikamwambia tulia kaka, huyu anataka hadidiski, kile kifaa cha kuhifadhia data ndani ya kompyuta.

Na si kwamba alikosea. Warusi mpaka leo wanaiita hivyo, wakifupisha wanasema vint, na Wahungari nao ni winchester tu. Huku kwetu neno halikukaa, sisi tulianza na flopi, zile diski laini za kuchomeka na kuchomoa, tukaenda hadidiski tukaishia flashi, lakini ukibahatika kupata vile vitabu vya kompyuta vya miaka ya 80, vile vilivyooza kwenye makabati ya maofisi ya zamani, utalikuta limeandikwa bila maelezo yoyote, kana kwamba kila msomaji alizaliwa akilijua.

Hadithi yake ni hivi. Mwaka 1973 IBM walitoa mashine ya kuhifadhi data inaitwa 3340, ilitengenezwa San Jose kule California. Wakati bado iko kwenye karatasi mpango ulikuwa iwe na sehemu mbili, kila moja megabaiti 30, kwa hiyo mafundi wakawa wanaiita 30-30, na aliyekuwa anaongoza kazi hiyo, Ken Haughton, akasema kama ni 30-30 basi hiyo ni Winchester, maana 30-30 ni risasi maarufu sana ya bunduki za Winchester huko Marekani. Utani wa ofisini ukawa jina. Tena kichekesho ni kwamba ilipotoka sokoni haikuwa 30 wala nini, zilikuwa za megabaiti 35 na 70, ila jina lishaganda. Wako watakaokwambia limetoka mji wa Winchester kule Uingereza kwa sababu IBM wana maabara Hursley, karibu na huo mji, usiwasikize, ni bunduki.

Sasa mbona mashine moja ya IBM ikabeba jina la kila hadidiski? Hapo ndio patamu. Kabla yake zile diski kubwa za maofisini ulikuwa unazitoa, mafungu ya sahani, zile zinazoandikwa data, unayabeba kwa mkono na mfuniko wake, unaondoa hili unaweka lile, vichwa vya kusomea vinabaki kwenye mashine. Maana yake kila ukibadilisha unaingiza vumbi, na kichwa kilichozoea sahani hii kinalazimishwa kusoma ile nyingine. Watu wa 3340 wakafunga sahani na vichwa vyake pamoja ndani ya chombo kimoja, vumbi likae nje, na kichwa kikakaa na sahani zake maisha yake yote. Halafu wakakifanya kichwa chepesi mno, mashine ikizimwa kinatua juu ya sahani yenyewe, iliyopakwa mafuta kiasi, ikiwashwa sahani inashika kasi na kichwa kinainuliwa na upepo wa huko kuzunguka. Kinaelea bwana, hakigusi. Hata hiyo ya 1973 kilikuwa kinaelea chini ya maikroni moja na unywele wako ni maikroni 70 hivi, na hizi za sasa ni nanomita chache tu, na nanomita elfu ndio maikroni moja.

Kampuni zingine zikaiga. Seagate wakaja na hadidiski yao ST-506 mwaka 1980, megabaiti 5, yaani picha moja ya simu yako imeijaza, na 1983 IBM wakatoa kompyuta ya mezani PC XT yenye hadidiski ya megabaiti 10 ndani watu wakaona ni maajabu. Wakati huo ukisema winchester unamaanisha diski ya aina ile iliyofungwa, tofauti na zile za kutoa na tofauti na flopi. Ilipofika mahali kila hadidiski ni ya aina ile, neno likakosa kazi kwa Kiingereza, utatofautisha nini na nini? Likapotea. Warusi na Wahungari wao walikuwa wameshalichukua kama jina la kitu chenyewe, hawakuwa na sababu ya kulitupa.

Mimi ninachokipenda kwenye hilo neno ni kwamba linaniokoa nikiwa na wateja. Mtu anakuja na hadidiski inagonga tak tak tak, ananiambia fungua basi uangalie, si ni skrubu tu? Ndugu yangu, wazo zima la winchester ni KUTOFUNGUA. Upepo wetu huu wa chumvi na vumbi la barabarani, punje moja tu ikiingia kati ya kichwa na sahani ni kubwa kuliko nafasi yote iliyopo, na sahani inazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, inakwanguliwa kama nazi kwenye mbuzi, na huo unga unaotoka ndio ulikuwa picha zako za harusi. Chumba chenye AC si dawa, wanaofungua wana vyumba maalum vya hewa iliyochujwa. Wewe ukisikia inagonga chomoa umeme, acha kuiwasha washa.

Na kitu kingine, geuza hadidiski ya kawaida utaona kitundu kidogo kimeandikwa kisizibwe. Watu hudhani ndani hamna hewa, la, hewa imo na lazima iwemo, bila hewa kichwa hakielei, hicho kitundu kina chujio ndani na kazi yake ni kusawazisha hewa ya ndani na ya nje. Ndio maana nyingi zimeandikwa mwisho mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, juu zaidi hewa inakuwa nyepesi mno. Sisi wa Mombasa hilo halituhusu kabisa. Zile zilizojazwa gesi ya heliamu badala ya hewa, za kwenye maseva makubwa, ndizo zimezibwa kabisa, hizo hazina kitundu. Sasa kuna maduka, sitaji mtu, yanabandika stika ya waranti palepale juu ya kitundu, nimezikuta na nazibandua kila nikiziona. Angalia yako.