Siku ya tatu mpe jembe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili ni Zaburi 68:6: "Mungu huwakalisha wapweke nyumbani."

Naanza na katuni, mnivumilie. Watoto wa mpangaji mwenzangu hapa Tabata wanaipenda The Lion Guard, na kwa kuwa king'amuzi kiko kwangu, jioni sebule inakuwa yao. Ni katuni ya Disney, ilianza kuonyeshwa mwaka 2015, na imejaa Kiswahili cha aina yake. "Hevi kabisa!" husema Kion, mtoto wa Simba. Mwanzoni watoto waligaragara kwa kicheko, maana nani Dar anasema hivyo? Sasa wanasema wao.

Kion anapewa jukumu la kuunda kikosi cha walinzi. Desturi inataka walinzi wawe simba watupu. Yeye anawachukua nyegere, duma, kiboko na yangeyange, na baba yake anakuja juu. Lakini kikosi cha zamani, cha Scar, baba mdogo wa Simba, kilikuwa cha simba watupu, na Scar huyohuyo ndiye aliyekiangamiza kilipokataa kumsaidia kumpindua kaka yake mfalme. Damu moja haikumzuia.

Kilichonigusa zaidi ni namna Kion anavyowapokea wenzake. Anampa kila mmoja kazi. Ono, yule yangeyange, aone mbali. Fuli akimbie. Beshte atumie nguvu zake. Na Bunga nyegere, ambaye hata nyumbani kwake amelelewa na nguchiro na ngiri, awe wa kwanza kuikabili hatari kwa sababu haogopi kitu.

Tangu utotoni nimesikia "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ikitumika kumsema mgeni aliyechokwa. Siku hizi naisikia vingine. Shamba ni la wenyewe. Anayekabidhiwa jembe ameshahesabiwa miongoni mwao.

Nilipokuja Dar kutoka Kigoma nilisali mahali fulani karibu mwaka mzima. Wageni tulisimamishwa, tukapigiwa makofi, tukaketi. Walikuwa watu wema, sina neno nao. Ila nilipougua wiki mbili, hakuna aliyejua kama sikuwepo.

Kisha nikahamia huku, na haukupita mwezi ukatokea msiba nyumba ya tatu. Nimesimama pembeni ya turubai, rambirambi nimeifumbata mkononi, sijui nimkabidhi nani. Mama mmoja wa jumuiya, hatujawahi hata kusalimiana, akaninyooshea kisu. "Mwanangu, kaa hapo. Vitunguu hivi vinakungoja wewe." Nikamenya vitunguu hadi machozi yakanitoka, na hakuna aliyejali kama namlilia marehemu au ni vitunguu tu. Mchana nikatumwa maji. Jioni nikasugua masufuria ya wali yaliyoungua chini, kazi ambayo kwa kweli wenyeji waliikwepa. Natafuta kandambili zangu niondoke, mama yule akauliza, "Kesho unakuja saa ngapi?" Kwamba nitakuja, hilo halikuwa swali.

Sasa soma Yohana 19:26-27 ukiwa na kisu hicho mkononi. Bwana yuko msalabani. "Mama, tazama, mwanao." Kisha kwa mwanafunzi: "Tazama, mama yako." Huwa tunaisoma kama faraja, na ni faraja, lakini pia ni kumtuma mtu: mwanafunzi anakabidhiwa mama wa kulisha, wa kuuguza, wa kurudi kwake jioni. Naye hakujibu neno. "Na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake." Hakungoja matanga yaishe. Ndivyo wawili hao walivyopata ukoo mpya, siku ileile walipokuwa wanafiwa.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwangu, saa 12 asubuhi. Kuna kijana amepanga chumba cha uani, fundi wa pikipiki. Mara tatu amekuja kusali, akaketi karibu na mlango, akaondoka kabla ya chai. Nasi kila mara tumemwambia karibu sana, karibu tena.

Jana nilimgongea. Nikamwambia mabenchi yako kwa balozi na yanahitaji mtu wa kuyaleta.

"Mangapi, mama?"

"Manne. Na uwahi, maana wimbo wa kwanza utaanzisha wewe."