Ule ufa wa bunduki ya mjomba

Mjomba alikuwa na bunduki ya kizamani ukutani, Lee-Enfield ya jeshi la Waingereza, ile aina ya SMLE No. 1 Mk III*, ubavuni nyuma ya mkono wa kukokia risasi imepigwa taji na herufi GR, yaani Mfalme George, na mwaka 1917. Mtutu ulishazibwa zamani, kisheria ni pambo tu, haiui hata nzi. Ila mti wake sasa, ile sehemu ya mbao, mweusi tii, unanata, mafuta na jasho na vumbi la miaka yote hiyo vimegandamana mpaka ukiushika mkono unatoka kama umeshika sufuria. Nikamwambia mjomba niachie wiki mbili nikutengenezee. Akaniangalia weee, akasema haya, ila usije ukaniharibia. Nikacheka. Niharibu mimi?

Siku ya kwanza tu, saa ya kwanza, nikaharibu.

Iko hivi. Mti wa SMLE si kipande kimoja, kuna kitako huku nyuma na mti mrefu wa mbele unaobeba mtutu. Kitako kimefungwa na bolti ndefu iliyojificha ndani, unafungua kile kimlango kidogo kwenye bamba la shaba nyuma, unatoa kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu (vyote viwili vilikuwemo bado, nilifurahi kama mtoto), unachokoa kizibo cha ngozi, halafu unaingiza bisibisi refu. Mimi nikaona hapa ndo pa kuanzia. Kumbe ncha ya ile bolti ni ya mraba na imekaa kwenye kibamba kilichoko mwisho wa mti wa mbele, makusudi isilegee, kwa hiyo ukiizungusha kabla hujatoa mti wa mbele ile ncha inageuka humo humo na kupasua mbao. Kila anayezijua hizi bunduki anakijua hiki kitu, ni kama kujua kuzima umeme kabla ya kushika waya. Mimi nilikijua dakika mbili baadaye. Bolti ilikuwa ngumu, nikaikazia mguu, nikasikia tak.

Nilikaa chini sakafuni na bisibisi mkononi, sijui hata muda gani.

Baada ya hapo nikafuata utaratibu kama mtu aliyechapwa, kofia ya chuma ya mbele, pete, kinga ya kifyatulio, mti ukatoka, na ufa huo hapo, urefu wa kidole kizima. Nikauosha na asetoni maana gundi haishiki kwenye mafuta, nikasukumia epoksi ndani kwa kijiti cha meno, nikaufunga na mpira wa tyubu ya baiskeli umekaza kisawasawa, nikauacha hadi kesho yake.

Kusafisha kwenyewe kulikuwa raha, niseme ukweli. Msasa sikugusa, hilo angalau nilishaambiwa, ukipiga msasa unafuta mihuri na unakula kingo, mti unabaki mwembamba kuliko chuma chake inakuwa kama mtu kavaa kiatu kikubwa. Nilitumia spiriti na matambara, matambara yanatoka meusi, mengine meusi, mengine kahawia, mpaka mbao ya mjozi ikaanza kujitokeza, nyekundu kwa mbali, na mistari yake. Juu ya kitako ikaonekana herufi L. Hivi vitako vilitengenezwa kwa saizi tofauti, hiyo L ni kirefu, kwa hiyo aliyepewa bunduki hii alikuwa na mikono mirefu. Nikamfikiria huyo jamaa kidogo, halafu nikaendelea.

Mabonde nayo, pale mbao ilipobonyea. Unaweka kitambaa kibichi juu ya bonde, unagusisha pasi ya moto, chsss, mvuke unaingia na nyuzi za mbao zilizobanwa zinavimba kurudi juu. Kuna moja la ukubwa wa ukucha, pasi mara tatu, likapotea kabisa naliona hivi hivi. Ila palipokatika mbao hapainuki hata ukeshe na pasi, hapo nyama haipo.

Mwisho mafuta ya kitani, tena mabichi, kama walivyotumia jeshini. Yale yanayoitwa ya kuchemshwa siku hizi yanatiwa tu dawa ya kukaushia, ni ya haraka, mabichi yanakauka kwa kukuringia. Unapaka kidogo, unasugua na kiganja mpaka kiganja kipate joto, unafuta, unasubiri siku kadhaa, unarudia. Matambara yake nilikuwa nayatandaza nje moja moja, ukiyakunja ukayatupa kwenye ndoo yanajichemka yenyewe na kuwaka moto, na mimi kwa bahati yangu ile nilikuwa siwezi kucheza.

Wiki mbili zikawa sita. Mjomba alipoipokea hakusema kitu kwanza, akapitisha kidole gumba polepole kwenye kitako, akaja mbele, akafika pale karibu na kifyatulio, kidole kikasimama.

"Na hapa je?"

"Ah, hapo mjomba, huo wa zamani. Ulikuwa umefichwa na uchafu. Wa vitani huo nadhani."

Akatikisa kichwa taratibu, akairudisha ukutani. Sasa kila mgeni akija anashushiwa bunduki, anaonyeshwa ufa, anaambiwa jinsi mtu alivyonusurika. Mara ya mwisho nilikuwepo, ilikuwa tayari imekuwa ni risasi iliyogonga hapo ikapinda. Mimi naangalia zangu simu.