Baqii: Salamu Isiyotaja Jina

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu na dada zangu.

Wiki hii wapo wenzetu wa umra waliokwisha kutoka Makka na sasa wako Madina, na wengine bado wanafunga mizigo. Tafakari hii ni yao kwanza, halafu yetu sisi tuliobaki.

Mtu akishamtolea salamu Mtume (S.A.W.), kisha Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar, wengi huelekea Baqii, makaburi ya kale ya Madina. Si mbali, ni upande wa mashariki wa Msikiti wa Mtume, na ukitoka tu uwanjani unauona ukuta wake. Kwa kawaida wanaume hufunguliwa lango baada ya swala ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Ndani ni udongo mtupu, vijia vya kupitia, na mawe yasiyoandikwa chochote. Hapo ndipo maswali huanza: "Hili la nani?" Na kwa kuwa mawe hayasemi, hakosekani wa kuyasemea: kiongozi wa kikundi, kijana mwenye ramani kwenye simu, au mzee aliyewahi kufika zamani. Watu hukimbilia kwa Sayyidna Uthman bin Affan, kwa wakeze Mtume, kwa Ibrahim mwanawe, kwa Imam Malik aliyefariki mwaka 179 Hijria (795). Wakishawamaliza hao, hutoka. Maelfu waliobaki hupitwa tu.

Kutaka kumtambua aliyelala si kosa. Alipozikwa Uthman bin Madh'un, ndugu wa kunyonya wa Mtume na wa mwanzo katika Muhajirina (Waislamu waliohama Makka kwenda Madina) kuzikwa Baqii, Mtume alimwagiza mtu alete jiwe. Yule mtu hakuliweza. Mtume akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba mwenyewe na kuliweka kichwani pa kaburi, akasema kwamba kwa jiwe hilo atalijua kaburi la ndugu yake, na atawazika karibu naye wafao katika watu wake. Abu Dawud, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi, ameipokea hadithi hii. Kuhusu kuba zilizokuwa juu ya baadhi ya makaburi hayo mpaka zikabomolewa miaka ya 1920, mjadala wake bado mkali, na leo siuingii. Mwenye kusimama pale asubuhi anataka kujua afanye nini.

Jibu lake liko kwa Bi Aisha (R.A.), mkewe Mtume, katika hadithi ndefu aliyoipokea Imam Muslim. Ilikuwa usiku wa zamu yake. Mtume alijilaza mpaka alipodhani mkewe amelala, akachukua shuka lake polepole, akavaa viatu polepole, akafungua mlango na kutoka, akaurudisha kwa utulivu ili asimwamshe. Bi Aisha hakuwa amelala. Alijitanda, akamfuata. Akamwona amefika Baqii, amesimama, amesimama sana, kisha akainua mikono mara tatu. Mtume alipogeuka kurudi, naye akageuka. Alipoharakisha, naye akaharakisha. Akamtangulia nyumbani na kujitupa kitandani, lakini pumzi zikamsaliti. Mtume akamuuliza ana nini hata anahema hivyo. Ndipo Mtume akamweleza kuwa Jibril alimjia na kumwambia: Mola wako anakuamrisha uwaendee watu wa Baqii uwaombee msamaha.

Waangalieni hao aliokwenda kuwaombea. Hakuambiwa nenda kwa fulani. Na Mtume, ambaye cheo chake kwa Mola wake tunakijua, hakwenda kuchukua kitu kwa wafu. Alikwenda kuwapa. Bi Aisha akauliza: niwaambieje? Akafundishwa:

"Assalaamu alaa ahlid-diyaari minal mu'miniina wal muslimiin, wa yarhamullaahul mustaqdimiina minnaa wal musta'khiriin, wa innaa in shaa Allaahu bikum lalaahiquun." Amani iwe juu ya watu wa makazi haya, waumini na Waislamu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia na watakaokuja nyuma. Na sisi, Mwenyezi Mungu akipenda, tutaungana nanyi.

Hakuna jina hata moja humo. Aliyezikwa jana baada ya Adhuhuri anaipata salamu hiyo sawasawa na Swahaba.

Ninayemkumbuka zaidi nikisoma habari za makaburi ya Madina ni mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia Msikiti. Bukhari na Muslim wameipokea habari yake, ingawa mpokezi alisitasita kama alikuwa mwanamke au kijana wa kiume. Mtume hakumwona, akauliza. Wakasema amekufa. Akasema: kwa nini hamkuniarifu? Waliona jambo lake ni dogo, si la kumsumbulia Mtume. Akasema: nionyesheni kaburi lake. Akaenda, akamswalia pale pale kaburini. Kwa hiyo wewe unayeuliza "hili la nani?", uliza, lakini uliza na la mfagizi.

Mahujaji wetu wana nafasi ya kulifanya hilo kila siku bila hata kufika Baqii. Karibu kila baada ya swala ya faradhi pale Msikitini hutangazwa swala ya maiti, kisha majeneza hubebwa kwenda makaburini. Na wapo wanaoufuata mlango wakati huo huo, kuwahi chai hotelini! Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwenye kumswalia maiti ana qirati moja, yaani fungu la thawabu, na mwenye kukaa mpaka azikwe ana mbili, na qirati ni mfano wa mlima Uhud. Mlima wenyewe uko pale kaskazini ya mji, watauona siku ya ziara ya mashahidi wa Uhud. Tuliobaki huku, jeneza la mtaani tusilolijua la nani lina qirati hizo hizo.

Sasa kwa kina dada. Wengi wenu mnarudi na huzuni kwamba wanawake hawaingizwi Baqii, mmeishia ukutani. Wanazuoni wana maneno mengi kuhusu mwanamke na makaburi, na waulizeni masheikh wenu. Lakini Bi Aisha alikuwa na nafasi ya kaburi chumbani mwake, karibu na Mtume na baba yake, Abubakar. Umar alipojeruhiwa na kumtumia ujumbe kuiomba, alisema alikuwa akiitaka kwa ajili yake mwenyewe, ila leo anamtanguliza Umar. Bi Aisha akausia azikwe Baqii pamoja na wenzake, wakeze Mtume, kwa kuwa hakutaka kusifiwa kwa mahali alipozikwa. Alifariki mwaka 58 Hijria, akazikwa usiku, Abu Huraira ndiye aliyemswalisha. Salamu mliyoisoma hapo juu aliulizia yeye, akafundishwa yeye. Isomeni mkiwa hapo hapo nje ya ukuta, na yeye mwenyewe yumo katika wanaosalimiwa.