Bidoni ya maji kwenye mulango

Bantu ba Goma, leo nilikuwa napanga vitu kwenye depo nikakuta ile bidoni (dumu) yetu ya njano yenye robine (bomba la kufungulia maji), ile tulikuwa tunaweka kwenye mulango wakati ya Ebola. Nikaishika tu, moyo ukanirudisha mbali sana. Tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2019 walitangaza mgonjwa wa kwanza hapa mjini, alikuja na basi toka Butembo, na avenue yetu yote ikanyamaza, salamu ya mkono ikakufa, tukabaki na viwiko tu. Pale Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda, ulikuwa unanawa kwanza, wanakupima joto kwenye paji la uso, ndio unavuka Gisenyi, na wale bamama na mizigo kichwani wote walipanga mustari.

Kwetu mama ndiye alikuwa anachanganya kloro, ya mikono nyepesi asilimia 0,05, ya kupangusa sakafu kali 0,5, halafu anaandika na makaa juu ya bidoni ili watoto wasikosee. Vidole vyake vilipasuka-pasuka, hakuacha hata siku moja. Covid ilipofika 2020 tulikuwa tumeshazoea.

Kinachoniuma ni kwamba nimeikuta na vumbi, robine imekauka, na kipindupindu hakijatuacha, bado kuna watu wanachota maji ya ziwa na kuyanywa hivyo hivyo. Hata mpox ya 2024, ule ugonjwa wa vipele unaoambukiza kwa kugusana, tulishikana mikono tu kama kawaida.

Nimeisugua jioni hii, robine mpya nimeweka. Mama kaniangalia, akasema: na sabuni je?